Sehemu ya Tano ya Marehemu

Jumatatu, 2 Juni

Baridi ya Iyunga, hapa Mbeya, haina utani. Maji ya kunawa yamenifanya nisahau jina langu. Nimeitwa sokoni Mwanjelwa na Alhaji Muhidini, mwenye duka la magodoro. Ndiye anayegharamia filamu zangu tangu nilipoacha kurekodi harusi. Nikaenda nimechomekea.

Anataka *Bosi wa Makongolosi*, sehemu ya tano. Iwe tayari kabla ya maonesho ya wakulima ya Nane Nane, aioneshe kwenye turubai lake pale uwanjani Uyole. Nikamwuliza kwa adabu kama asingependa safari hii tujaribu kitu kipya. Sikuwa na kitu kipya. Niliuliza tu ili nionekane msanii.

Alhaji akapiga kofi godoro lililokuwa karibu, vumbi likaruka. Akasema mteja akilala vizuri kwenye godoro, siku ya kununua la pili haulizi kuna nini kipya. Anauliza kama lile lile lipo. Filamu nazo ni hivyo hivyo. Mtu hawezi kutoa hela ya jasho lake kwa jina asilolijua.

Nikasema nakubaliana naye asilimia mia. Na kweli nakubaliana. Mimi mwenyewe kwa mama lishe naagiza wali maharage toka mwaka juzi. Nikiona wameandika chakula kigeni ubaoni, najua kuna mtu anataka kunifanyia majaribio.

Tatizo ni moja tu. Bosi amekufa.

Amekufa sehemu ya nne, dakika ya hamsini na nane. Aliangukiwa na duara, shimo la dhahabu zima, tena akiwa na risasi mbili mwilini. Tukamzika. Kaburi lipo, msalaba upo, na mchungaji alikuwa wa kweli, akasahau kuwa ni filamu, akahubiri dakika arobaini. Nilimwua mimi mwenyewe. Clement, anayemwigiza Bosi, alikuwa ameanza kutoa maoni kuhusu hadithi. Mwigizaji akianza maoni, dawa yake ni udongo.

Sikumwambia Alhaji kuwa Bosi ni marehemu. Inaelekea hakufika mwisho wa sehemu ya nne. Sidhani kama kuna mtu alifika.

Jumanne, 3 Juni

Shemeji Damari amekuja likizo. Ni mdogo wake mke wangu Devota, anafundisha Kiswahili sekondari huko Iringa. Ameleta debe la viazi na daftari. Viazi nilivipokea kwa mikono miwili.

Ndani ya daftari kuna hadithi. Inaitwa *Vipimo*. Anataka niifanye filamu. Akaomba anisomee tukiwa tunakunywa chai ya asubuhi. Nikaandaa uso wa kusikiliza.

Mambo yako hivi. Mama mmoja wa Mafinga, miaka sitini na kitu, mzima wa afya. Watoto wake wameshaanza kugombania atazikwa wapi na nani asimamie. Amechoka kuwasikia. Anaenda kwa fundi seremala, mzee aliyefiwa na mkewe, anaagiza jeneza lake mwenyewe. Kila Alhamisi anakuja kulikagua. Mara mfuniko umepinda, mara vanishi imekolea mno. Fundi anarekebisha. Halafu fundi anaanza kuharibu makusudi kila Jumatano, ili Alhamisi mama awe na cha kulalamikia. Jeneza haliishi. Mwisho zile mbao zinakuwa meza. Ndogo, ya watu wawili.

Basi. Hakuna bunduki. Hakuna dhahabu. Hakuna mtu anayepigwa hata kofi moja.

Alipofika kwenye meza kulikuwa na moshi mwingi, nikatoka nje kidogo. Niliporudi nikampa ushauri wa kitaalamu. Mama apunguzwe umri, awe na ishirini na mbili. Fundi awe na pacha jambazi. Na mtu lazima ajue mapema kwamba kuna muendelezo, la sivyo atajisikia ametupwa.

Damari hakubishana. Aliniuliza kitu kimoja.

"Shemeji, umelia au hukulia?"

Nikasema moshi. Devota akasema leo tumepikia gesi.

Jumatano, 4 Juni

Wazo! Limenijia lenyewe, bila msaada wa mtu yeyote. Bosi hakufa. Alikuwa ndani ya jeneza amezimia, na sehemu ya tano inaanza jeneza likifunguka. Jeneza. Sijui nimelitoa wapi wazo hili. Akili yangu inafanya kazi hata nikiwa sijaiomba.

Kesho naenda Mafinga kumfufua Clement. Nimebeba na daftari la Damari, kwa ajili ya kuangalia mambo mawili matatu kuhusu majeneza. Sikumwambia. Amelala na mafua, sikutaka kumsumbua.

Alhamisi, 5 Juni. Mafinga

Mji mzima unanuka mbao. Malori ya magogo yanapita kama ng'ombe wanaorudi zizini. Nimemkuta Clement kwenye karakana yake, kajaa vumbi la msumeno hadi kwenye kope. Nikamsalimu kwa Kihehe, kamwene, akaitikia, akaendelea kupiga randa.

Nikamweleza. Nikamwambia Taifa linamhitaji. Akauliza Taifa gani. Nikasema Alhaji.

Akaweka randa chini, akanihesabia taratibu kwa vidole. Sehemu ya kwanza alipigwa risasi. Ya pili akawekewa sumu kwenye supu. Ya tatu akatupwa kwenye korongo. Ya nne akazikwa. Mtaani wanamwita Marehemu. Mama yake, ambaye ni mtu wa kanisani, amechoka kupewa pole na wageni. Na katika sehemu zote nne, alisema, hakuna hata mara moja Bosi alipokaa chini akanywa chai na mtu. Alitamani kunywa chai. Alishaniomba, nikakataa.

Nikamwambia chai haiuzi. Akasema basi yeye anabaki kaburini, kumetulia.

Nikaondoka kwa heshima zote. Kufika stendi, basi linaita, ndio nakumbuka daftari. Nimeliacha juu ya meza ya randa. Nikafikiria kurudi. Kondakta akafikiria vingine. Hata hivyo ni hadithi ya wazee wawili na mbao. Nani ataiba?

Jumamosi, 7 Juni

Leo Idi. Alhaji kanitumia nyama, na ujumbe wa kuuliza Bosi anaendeleaje. Nikajibu anaendelea vizuri.

Nikiwa namshukuru Mungu kwa nyama, nikamkumbuka Isakwisa. Ana bucha hapa Iyunga, karibu na barabara kuu. Ana sauti nzito na ana koti la ngozi. Nikaenda kumwambia kuwa nimemchagua awe Bosi. Akauliza kama Bosi si yule mwembamba wa Mafinga. Nikamweleza sayansi yake. Duara lilipomwangukia, zebaki ya kusafishia dhahabu ilimwagika, ikambadilisha sura. Akauliza na urefu je, maana amemzidi Clement kichwa kizima. Nikasema udongo ulimvuta. Na unene? Nikasema huzuni.

Akakubali, kwa sharti kwamba bucha lake lionekane kwenye filamu. Sasa Bosi wa dhahabu ataanza maisha upya kwa kuuza maini. Hadithi inazidi kupanuka.

Devota aliyasikia yote. Alikuwa anakata nyama, akaikata kwa nguvu.

Jumatano, 11 Juni

Nimeshikwa na kizunguzungu. Nimeona kwenye simu tangazo la Obeid.

Obeid alikuwa mshika kamera wangu siku za harusi. Nilimfukuza sehemu ya tatu, aliposema sehemu zimekuwa nyingi. Akahamia Iringa, akafungua studio yake. Sasa anatangaza filamu mpya. *Vipimo*. Mwandishi, Damari. Fundi seremala, Clement!

Nikamwita Damari. Alieleza bila hata kupandisha sauti. Clement alikuta daftari juu ya meza yake, jina na namba ya simu vipo kwenye jalada. Akalisoma lote akiwa amesimama, akampigia. Alisema angeigiza hata bure, kwa sababu ukurasa wa tatu tu fundi anakunywa chai. Halafu wakamtafuta Obeid.

Nikasema huu ni wizi. Devota akauliza nani kamwibia nani. Nikasema mimi nimeibiwa. Akauliza nimeibiwa nini. Nikasema kile nilichokataa.

Nilipojisikia nikisema hivyo haikukaa vizuri, lakini msimamo wangu ni ule ule.

Kwa hasira nimepiga hesabu za kibiashara. Jina la filamu halijulikani. Mwigizaji ni marehemu. Bango lina picha ya ubao. Ubao! Watashindwa, na mimi nitakuwepo kuwapa pole, kwa unyenyekevu.

Ijumaa, 20 Juni

Siku ya kwanza ya kurekodi. Tumeanza na ufufuko.

Jeneza tulikuwa nalo, lile la sehemu ya nne, nilikuwa naweka ndani yake nyaya. Kwa nini ninunue jingine? Tukaliweka kwenye shimo nyuma ya bucha. Isakwisa akaingia. Aliingia vizuri kabisa, kwa kuwa nilimsukuma. Tukafunga mfuniko, nikasema anza.

Mfuniko haukusogea.

Nikasema anza, Bosi, fufuka. Sauti kutoka ndani ikasema haiwezekani. Jeneza lilitengenezwa kwa mwili wa Clement. Mabega ya Isakwisa yalikuwa yamekaza huku na huku kama kizibo. Tukafungua mfuniko, tukamvuta mikono, akaja na jeneza. Akasimama nalo mgongoni, kama kobe. Akaanza kutembea kuelekea barabarani kutafuta msaada, maana tulikuwa tunacheka na hakuna aliyekuwa anamsaidia. Wateja waliokuwa wanasubiri nyama walitawanyika. Bibi mmoja alikaa chini akaanza kuimba nyimbo za maombolezo.

Ilibidi tutumie msumeno.

Mzee wa kanisa wa mtaa kaja kuniuliza kama nina matatizo nyumbani. Nikamweleza ni sanaa. Akasema ataniombea.

Picha ya Bosi akitembea na jeneza mgongoni nimeibakiza. Inaonesha nguvu za dhahabu.

Jumatatu, 30 Juni. Mafinga

Nimekuja kipelelezi. Nimevaa kofia ya sufu na koti la marehemu baba. Mtu akiniuliza, mimi ni mnunuzi wa mbao kutoka Tunduma.

Wanarekodi kwenye karakana ya Clement. Hakuna taa kubwa, wametumia mwanga wa dirisha. Anayemwigiza mama ni mwanamke wa Mafinga anayeuza chai kwenye kituo cha malori. Hajawahi kuigiza maisha yake yote. Nilijibanza nyuma ya rundo la mbao, nikatoa kijitabu niandike makosa yao.

Mama akaingia. Akapitisha kidole pembeni ya ubao, polepole, mpaka mwisho. Akakiangalia kidole. Fundi akawa anamwangalia anavyokiangalia. Hakuna aliyesema neno. Nikawa nasubiri mtu aseme neno. Halafu nikagundua sitaki mtu aseme neno.

Kijitabuni sijaandika kitu.

Nilipopiga chafya Clement akaniona. Nilidhani atanifukuza. Akasema wamepungukiwa mteja wa kusimama kwa nyuma, aliyekuja kununua mbao, na mimi tayari nimevaa. Obeid akanielekeza nisimame hapo, nisiseme kitu, nisiigize. Nikamwambia mimi nina filamu kumi na moja. Akasema ndiyo maana ananiomba nisiigize.

Nikasimama. Obeid akasema nilifaa. Sijui kwa nini nimefurahi hivi, nikiwa mpelelezi.

Jumanne, 15 Julai

Nahariri. Sehemu ya tano ina dakika arobaini na tatu tu, kwa sababu Isakwisa alikuwa anaondoka kila ng'ombe anapofika. Nimeongeza dakika ishirini na sita za Bosi akikumbuka sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Ana sura ya Isakwisa, anakumbuka akiwa na sura ya Clement. Zebaki.

Alhaji amekuja kuangalia kipande. Alipoona zile kumbukumbu akafurahi sana. Akasema hapa ndipo mteja anapojisikia yupo nyumbani. Nikamwuliza, kwa upole, kama hafikirii mtu anaweza kusema tunamwuzia godoro la zamani kwenye foronya mpya. Akasema foronya ndiyo biashara yenyewe.

Mtu mwenye akili sana.

Jumamosi, 2 Agosti. Uyole

Nane Nane imeanza. Watu kama siafu. Maparachichi makubwa kama vichwa vya watoto, trekta, ng'ombe wenye maua shingoni. Turubai letu lina spika nne. Turubai la Obeid liko upande wa pili wa njia, dogo, la kukodi, kalikodi kwa watu wa mizinga ya nyuki. Lina viti ishirini.

Nataka niandike kwa herufi kubwa: SISI TULIJAA. Watu walimiminika! Walisoma jina, wakaingia, hata bei hawakuuliza. Kwa Obeid waliingia watu wanne, na mmoja alikuwa anatafuta asali. Alhaji alinishika bega akasema, unaona? Nikasema naona. Nikamnunulia Devota mahindi ya kuchoma. Hakuyala, alisema anakwenda kumsaidia Damari kukata tiketi.

Onesho lilianza vizuri. Bosi alipotoka kaburini kuna mtu akauliza kwa sauti, huyu nani? Mwingine akajibu, si Isakwisa wa bucha? Kicheko. Wakati wa kumbukumbu watu walianza kutoka nje kununua soda. Ni kawaida, mtu akiwa na hisia anapata kiu.

Hawakurudi. Labda foleni ya soda.

Jumanne, 5 Agosti

Leo tulikuwa na watu tisa. Sita walikuwa ndugu zake Isakwisa.

Kwa Obeid wamekuja akina mama wa Iganzo na Itezi wamebeba vigoda vyao wenyewe. Waliokosa nafasi wamekaa chini kwenye nyasi, wanatazama kupitia chini ya turubai. Haina spika kubwa, kwa hiyo watu wananyamaza ili wasikie. Turubai limejaa watu na liko kimya. Sijawahi kuona kitu kama hicho, na sipendi.

Nilimtafuta Alhaji nimpe mkakati: spika mbili zaidi na ng'ombe wa kweli mlangoni. Hakuwepo. Nikamkuta kwa Obeid, mstari wa pili, kati ya akina mama wawili, kofia yake ya Alhaji kaishika mikononi. Nilimgusa bega. Akanifanyia ishara ninyamaze.

Nikabaki nimesimama nyuma. Nilijiona kwenye filamu. Sekunde nne, nimevaa koti la baba, natazama ubao. Mama mmoja akamnong'oneza mwenzake kuwa yule mnunuzi wa mbao naye amefiwa, ona macho yake. Mimi sijafiwa. Nilikuwa napeleleza.

Meza ilipotokea hakukuwa na moshi popote.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemwuliza Devota kwa nini ameingia kuiangalia mara tatu, filamu ya watu wengine, wakati mumewe ana viti vitupu. Alikuwa anaosha vyombo. Aliweka sahani chini.

"Baba Blessing," akasema, "yule ni mama yetu. Huyo unayemwona pale ni mama."

Sikuelewa. Akanieleza yote, polepole, kama anavyomweleza mtoto wetu Blessing. Mama mkwe aliagiza jeneza kweli, mwaka ule tulipokuwa tunagombania kama atazikwa Mafinga au Iringa. Na mimi nilikuwa mmoja wa waliogombana. Nilikuwa nataka Iringa, nilisema kule kuna mwanga mzuri wa kurekodi. Fundi wa kweli anaitwa mzee Sedekia. Yeye na mama mkwe waliishi jirani miaka sita, wakinywa chai kila Alhamisi. Meza iko kwa Damari. Nimeshakula juu yake. Niliilalamikia kuwa ni ndogo.

Nikamwuliza mbona huyo mzee Sedekia mimi simjui. Akasema namjua. Siku ya mazishi ya mama, ambayo niliirekodi mwenyewe, alikuwepo mzee mmoja mwenye koti la kijivu amesimama kwenye jeneza, anapitisha kidole pembeni ya mfuniko. Jeneza alilitengeneza yeye.

Nikamkumbuka. Nilimwambia asogee, anaziba kamera.

Devota akarudi kwenye vyombo vyake. Nikachukua kitambaa nikaanza kukausha sahani. Sijawahi kukausha sahani nyumba hii. Nilizikausha zote, na zilipoisha nikaanza kukausha zile zilizokuwa zimeshakauka.

Alhamisi, 7 Agosti

Sijaandika kitu leo. Nimekaa kwenye turubai tupu nikiwa na Isakwisa. Ameniuliza kama alikuwa mbaya sana. Nikamwambia hapana, Isakwisa, ulikuwa umebanwa tu. Akasema hata wewe pia.

Ijumaa, 8 Agosti

Kilele cha Nane Nane. Mzee Sedekia amekuja kutoka Mafinga, Clement kamleta. Mfupi kuliko nilivyomkumbuka. Wakampa kiti cha mbele. Nilimfuata nikamwamkia, nikamwomba radhi kwa siku ya msiba. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, yakaja machache. Alinishika mkono akasema hakukasirika, maana mkanda wenyewe hakuwahi kuuona. Akaniuliza kama ninao. Nikasema ninao. Akasema angependa kuuona, kama kuna mahali mama anaonekana.

Nikamwahidi nitampelekea. Nitampelekea kweli. Naandika hapa ili nisisahau.

Filamu ilipoisha hakusimama. Aliuliza tu kwa nini yule fundi wa kwenye filamu anashika randa kwa mkono wa kushoto. Clement akasema yeye ndivyo alivyo. Mzee akasema sawa, lakini ubao utapinda.

Jumamosi, 9 Agosti

Alhaji ameniita dukani. Nilidhani ananifukuza. Kinyume chake! Amesema amefikiri sana, amekosea miaka yote hii. Amesema nimletee kitu ambacho hakuna mtu amewahi kukiona, kama kile cha yule mwalimu. Ruhusa ninayo kamili. Nikatoka Mwanjelwa nikiwa mtu mpya. Nilitembea kwa miguu hadi Mafiati, nikiwaangalia watu usoni, nikijua kila mmoja ana hadithi.

Nyumbani nikamkuta Damari anafunga mizigo. Nikamwambia habari. Alifurahi, kwa kweli alifurahi. Akasema, kwa ajili ya dada yake, hadithi ya pili ananipa mimi kabla ya Obeid. Hajaiandika bado, akanisimulia pale pale amekaa juu ya begi. Ni ya mwanamke wa Makete anayepokea na kutunza barua za kijiji kizima, na hajui kusoma. Kila mtu anamwamini amhifadhie siri kwa sababu hiyo hiyo. Halafu anajiunga na masomo ya watu wazima, kimya kimya, na barua zote anazo chini ya kitanda.

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kuna mahali nilimwomba arudie. Nikamwambia ni hadithi nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia, na nilimaanisha. Kisha nikamwuliza swali moja la kitaalamu tu: jeneza linaingia wapi?

Akasema hakuna jeneza.

Nikamweleza kwa upendo. Watu wa Mbeya wameshasema wanachotaka, wamekaa chini kwenye nyasi kukisema. Hawataki tena dhahabu. Hata mimi nimelielewa hilo, nimejifunza, nimebadilika. Wanataka majeneza, wazee na chai. Sasa mtu akilala vizuri kwenye jeneza, kwa nini nimpelekee barua?

Damari alinyanyuka. Akafunga zipu ya begi, akamuaga dada yake, akaniambia shemeji, baki salama. Kwenye bajaji nilimsikia akiongea na Obeid kwenye simu.

Hasara ni yake. Nimeshampigia Alhaji nimemweleza *Mama wa Majeneza*: mama ana majeneza saba, mafundi saba, chai saba. Aliniomba nirudie hesabu, akasema hicho kweli hakuna mtu amewahi kukiona. Isakwisa ameshakubali kuwa mama.

Nimekaa mezani na daftari jipya. Naanza kuandika sehemu ya pili moja kwa moja, maana watu wanapenda muendelezo. Ya kwanza nitaitafutia nafasi.